Mbele Kuko Nini?

Anayetaka kujua kwa nini madereva wa Uvira wana hasira za karibu aitazame kwanza ramani, kisha awaonee huruma. Magharibi, milima ya Mitumba imesimama wima. Mashariki kuna Ziwa Tanganyika, na ng'ambo yake milima ya Burundi. Kati ya mlima na maji umebaki ukanda mwembamba, na humo mji mzima umejibana, kuanzia Kavimvira hadi Kalundu, pamoja na masoko yake, makanisa yake, misikiti yake na makaburi yake. Barabara ya maana ni moja tu: Barabara ya Taifa namba 5, inayoteremka kutoka Bukavu, ikapita Kamanyola, Luvungi na Sange, ikaukata mji, kisha ikaufuata ufuko kwenda kusini, Makobola, Mboko hadi Baraka. Dereva anayekwenda kusini akikwama nyuma ya kitu hapo hana uchochoro wa kukatizia. Kulia kwake ni mlima, kushoto ni samaki.

Na vitu vya kukwama nyuma yake havikosi. Kuna baiskeli zilizosheheni vidumu vya mawese kutoka upande wa Fizi, vimefungwa kwa mipira mbele, nyuma na ubavuni, hata mwenyewe anaisukuma kwa miguu kwa sababu kiti chake nacho kimepata mzigo. Kuna akina mama wenye mabeseni ya ndagala kichwani, wanaotembea safu moja na kuzungumza bila kugeuka. Kuna pikipiki iliyobeba godoro, ambalo upepo wa mlimani ukilipata ubavuni humpeleka mwendeshaji Burundi bila viza. Kuna Fuso la mizigo linalopanda kilima kwa gia ya kwanza. Juu ya mizigo wamekaa watu, na juu ya watu, kuku. Kuna mbuzi. Kuna kwaya. Na kuna ng'ombe, ambao wanastahili sehemu yao wenyewe katika makala haya na wataipata.

Ndani ya Noah inayotoka Uvira kwenda Kamanyola, mwendo ukipungua, swali ni lile lile, na siku zote hutoka kiti cha nyuma kabisa, ambako abiria wanne wamekaa mahali pa watatu na hawaoni chochote isipokuwa visogo vya wenzao.

"Mbele kuko nini?"

Jibu hupitishwa mdomo kwa mdomo, kiti hadi kiti, na hukua njiani. Shofere akisema kuko baiskeli, kiti cha kati husikia kuko barieri, na ikifika nyuma kabisa imekwisha kuwa ajali. Hapo mama mmoja hushika kichwa, mwingine huuliza ni gari ya nani, na kijana mwenye simu amekwisha mpigia mtu Uvira kumwambia asihangaike, yeye ni mzima. Wakati huo baiskeli yenyewe imeshaachwa nyuma zamani, na mwenye nayo anapiga mluzi.

Haya yote ni ya miaka ambayo Noah iliweza kutoka Uvira na kufika Kamanyola bila kuuliza ni nani anashika barabara leo. Tangu Februari 2025, Bukavu ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23, swali la mbele kuko nini lilianza kupata majibu mengine, na hayo hayafai kwa makala ya kucheka.

Shida ya kumpita aliye mbele ina mzizi wake Japani. Kongo na Burundi huendesha kulia, desturi waliyoachiwa na Wabelgiji. Tanzania, Kenya na Uganda huendesha kushoto, desturi waliyoachiwa na Waingereza, na Japani nako ni kushoto. Basi gari lililokwisha tumika Japani likishushwa bandarini Dar es Salaam, usukani wake uko kulia na hakuna anayeshangaa. Likipandishwa bara mpaka likafika Uvira, usukani bado uko kulia, ila sasa kulia ni upande wa mtaro. Shofere anakaa jirani na mtaro. Anaona vizuri sana miguu ya wauza ndizi. Asichokiona ni upande wa pili wa lori lililo mbele yake, yaani kule kunakotoka kifo. Ili aone, lazima gari lake lote litokeze kwanza, na likishatokeza, kile alichotaka kukiona kimekwisha kumwona yeye.

Dawa iliyopatikana ni abiria wa kiti cha mbele, kushoto. Huyo ndiye jicho. Hakuna aliyemfundisha kazi, hakuna anayemlipa, na nauli yake haipunguzwi hata faranga moja. Jicho zuri hutoa habari fupi, bila maelezo: "Bado. Bado. Kuko kamio. Bado. Pita!" Jicho baya lina haya ya kumkatalia shofere, basi husema pita ili kumridhisha. Jicho lililolala watu hulilaumu bure. Hilo ndilo salama kuliko yote, kwa kuwa shofere akilitupia macho hukata tamaa na kubaki nyuma ya baiskeli.

Siku moja katika uwanda wa Ruzizi jicho lilikuwa mchungaji, suti ya kijivu, mkoba mapajani, Biblia juu ya mkoba. Mbele kulikuwa na lori la magunia ya mihogo lililotoa moshi mweusi na halikuwa na nia ya kuharakisha chochote. Shofere alivumilia, akavumilia tena, mwishowe akauliza.

"Mchungaji, mbele kuko muzuri?"

"Kuko muzuri, kwa jina la Yesu!"

Shofere akatoa pua ya gari, akairudisha kwa nguvu hata mama mwenye mayai akapiga kelele kabla mayai hayajapata sababu. Basi dogo likapita likivuma, taa zote zimewaka, na dereva wake akisema kitu ambacho kwa bahati njema dirisha lilikizuia.

"Mchungaji, si ulisema kuko muzuri?"

"Nilisema kwa imani, shofere."

"Imani tuache kwanza, mchungaji. Unipe ya macho."

Toka hapo ibada na usukani vilitenganishwa. Mchungaji akatoa taarifa za kweli tupu mpaka Luvungi, kwa sauti ya mtu aliyeshushwa cheo.

Sange, mji mdogo wa kati ya Uvira na Luvungi, haupitwi na makala yoyote inayozungumzia kupitana. Usiku wa tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka hapo. Taarifa za wakati ule zilisema lilikuwa likijaribu kulipita basi. Petroli ikamwagika, watu wakaja na vidumu kuichota, na wengine walikuwa wamejaa katika vibanda vya jirani wakitazama Kombe la Dunia. Moto ulipolipuka uliua zaidi ya watu 230. Mashofere wengi wa njia hiyo, hata wale wanaobishana na kila kitu, hunyamaza wakipita Sange, na abiria huwaacha wanyamaze.

Sasa ng'ombe.

Ng'ombe wa uwanda wa Ruzizi na wa milima ya Itombwe wengi ni wa pembe ndefu, ukoo wa Ankole, na mtu ambaye hajawahi kukutana nao akiwa ndani ya gari hajui maana ya pembe. Kiangazi kikishika, majani yakakauka, makundi huhama kutafuta malisho na maji, na kwa kuwa barabara ni moja, nao hupita barabara hiyo hiyo. Mchungaji wao, huyu wa pili asiye na suti, ni kijana mwenye koti refu na fimbo iliyolazwa mabegani, mikono yote miwili ikining'inia juu yake. Hatembei nyuma ya kundi wala mbele. Yuko ubavuni, upande ule ambao honi ya shofere haimfikii.

Kulipita kundi kuna hatua zake. Kwanza shofere hupiga honi. Ng'ombe hawajali, honi wameizoea tangu ndama. Pili hukunja vioo vya pembeni, maana pembe hutangulia kichwa kwa mkono mzima na kioo kikiondoka hakirudi. Tatu abiria hufunga madirisha na ghafla wote hukumbuka kwamba ni joto la Ruzizi. Kisha gari huingia katikati ya kundi polepole, na kundi hulifunika. Kwa dakika kadhaa Noah si gari tena, ni mwanachama. Mkia hupangusa kioo cha mbele na kukiacha kichafu kuliko ulivyokikuta. Dume mmoja hupata bampa, akaona ni pa kujikunia, akajikuna kwa raha zake hata gari zima likatikisika, na mtoto wa kiti cha kati akaomba wamruhusu aendelee. Jike mmoja hukaribia dirisha la kushoto, hukaza macho kwa abiria aliye jicho siku hiyo, hutafuna, huwaza, kisha huendelea na safari bila kusema alichoamua.

Ndani, mada inageuka. Aliyekuwa analalamikia ng'ombe huanza kuwatathmini.

"Yule mweupe kule, ni dola ngapi yule?"

"Yule si wa kuuza, mama. Yule ni wa mahari."

"Ya nani?"

"Si yako."

Shofere hapendi mazungumzo hayo. Yeye anahesabu mafuta yanayoungua bure na abiria wa Kamanyola wanaomsubiri, ambao shofere mwenzake labda atawachukua. Basi kundi likiachia mwanya anakanyaga mafuta kwa chuki, gari linaruka, mabeseni yanaruka, na kwa muda barabara yote ni yake. Anapiga hata wimbo.

Halafu barieri.

Gogo limelazwa juu ya mapipa mawili. Karatasi za gari. Karatasi nyingine. Ile karatasi ya pili iliyoonyeshwa mwezi uliopita haitoshi tena, imetoka mpya. Abiria washuke, wavuke kwa miguu, waonyeshe vitambulisho. Mzee mmoja hana kitambulisho, ana picha ya kitambulisho, na picha yenyewe iko katika simu isiyo na chaji. Shofere anashuka, anaingia kibandani, anatoka, anarudi garini kuchukua kitu, anaingia tena. Na katika kupanda na kushuka huko, vumbi linaonekana kwa nyuma, kengele zinasikika, na kundi lile lile linafika taratibu. Ng'ombe hana bima. Hana kadi ya gari, hana chanjo ya kuonyesha wala mzigo wa kupekuliwa. Wanalizunguka gogo, nusu huku nusu kule, na kijana wa fimbo anamsalimu shofere kwa adabu zote, "Amani, muzee," akiendelea zake.

Hapo ndipo shofere hukasirika kwelikweli. Si kwa sababu wamempita. Ni kwa sababu atalazimika kuwapita tena.

Mbele kidogo kutakuwa na kamba: vijana wawili na sepetu moja wanaofukia shimo. Gari likionekana wanatupa udongo. Gari likipita wanapumzika. Wanaomba ahsante, na ahsante hiyo ina bei. Ng'ombe huivuka kamba nayo bila hata kuinua kichwa.

Nani apite kwanza si swali lililoletwa na magari. Miaka ya 1850 misafara iliyotoka pwani na Unyamwezi kuja ziwani ilikuwa na sheria yake, na Richard Burton, aliyetoka Unguja na John Speke Juni 1857 na kufika Ujiji Februari 1858, aliiandika katika kitabu chake. Mbele kabisa alitembea kirangozi, amevaa kitambaa chekundu, kichwani manyoya na ngozi ya mbega. Hakuna mpagazi aliyeruhusiwa kumtangulia. Aliyethubutu alichomolewa mshale katika podo lake, mshale ukawekwa, na jioni kambini ukawa ushahidi wa nani wa kutozwa faini. Yaani kupita pasipo ruhusa kulikuwa na adhabu hata kabla ya gurudumu, na ushahidi wake ulishikika mkononi. Madereva wa leo wachomolewe nini? Wengi wakichomolewa honi wataacha kazi.

Raha zaidi ni yale Burton aliyoyaona misafara miwili inapokutana uso kwa uso. Makirangozi wawili wanaofahamiana husogeleana kwa mikogo, wakitazamana kwa pembe ya jicho, wakifika karibu huinama kwa mara moja na kugongana vichwa mithili ya kondoo dume. Wapagazi wa nyuma nao hufuata, kusukumana, vumbi, kelele. Mgeni angesema vita imeanza. Kama hakuna kisasi cha zamani, yote huishia kwenye kicheko, na kundi lililo dhaifu hukaa pembeni na kutoa zawadi ndogo. Atakayesimama leo kwenye daraja jembamba, lori moja likitoka Bukavu na jingine Uvira, makondakta wote wawili wameshuka na kuvimbishiana vifua, ataona kwamba mchezo ni ule ule. Kilichopungua ni zawadi.

Burton mwenyewe anastahili kuwekwa katika orodha ya wasafiri waliokasirishwa na mwendo wa kaskazini ya Tanganyika, na pengine yeye ndiye wa kwanza kuuandikia kitabu. Alitoka Ujiji kwa mitumbwi, akalalamikia wapiga makasia waliosimama kila walipojisikia kuvuta, kula na kubishana, na tarehe 26 Aprili 1858 akafika Uvira. Alichokuja kukitafuta ni mlango wa mto Ruzizi, ajue unaingia ziwani au unatoka. Ulikuwa umebaki mwendo mfupi, ambao pikipiki ya leo huumaliza kabla abiria hajamaliza kubishania nauli. Lakini wenyeji wake wa mtumbwi walikataa kwenda mbele kwa kuwaogopa watu wa huko. Wana wa mtawala wa Uvira wakamwambia mto unaingia. Yeye, kwa bahati mbaya, alikuwa na vidonda vya ulimi vilivyomfanya asiweze kusema vizuri. Msafiri wa kwanza wa Kizungu kukwama Uvira alikwama kwa zaidi ya wiki, na hata kutukana hakuweza.

Ruzizi waliuona kwa macho David Livingstone na Henry Morton Stanley, Novemba 1871, kwa mtumbwi pia. Unaingia. Wana wa mtawala walikuwa wamesema kweli tangu mwanzo, ila hawakuwa na kitabu.

Katika misafara ya karne hii iliyojulikana sana njiani hapo ilikuwa ya magari meupe ya Umoja wa Mataifa. Ilitembea kwa nafasi sawa baina ya gari na gari, kwa mwendo uliopangwa na mtu aliye mbali, na hakuna shofere aliyetaka kujipenyeza katikati ya magari ya deraya ili aone itakuwaje. Ujumbe wake, MONUSCO, ulikabidhi kambi ya Kamanyola Februari 2024 na kuondoka Kivu Kusini Juni mwaka huo. Kuhusu mengine watu wa uwandani wana maoni mengi na makali. Kuhusu barabara, mwendo haukuongezeka.

Ng'ambo ya mpaka walijaribu njia nyingine. Machi 2022 serikali ya Burundi ilipiga marufuku baiskeli, pikipiki na bajaji za abiria katikati ya Bujumbura. Wenye magari walifurahi. Wasio na magari, ambao ni wengi, walitembea. Na wakitembea wengi barabarani, wenye magari waligundua kwamba mtu mwenye miguu naye ana mwendo wake. Ni Burundi hiyo hiyo ambako waendesha baiskeli, wanapopanda mlima wa Bugarama, hushika nyuma ya malori na kuvutwa mpaka juu, kisha wakateremka na mikungu ya ndizi kwa kasi inayomfanya dereva wa lori atamani yeye ndiye ashike. Nani mwepesi, nani mzito? Inategemea mteremko.

Pale Kavimvira, kwenye mpaka wa kuelekea Gatumba, jambo ni tofauti tena. Malori yamepanga foleni, madereva wamelala chini ya malori, na katikati yao hupenya baiskeli za magurudumu matatu za wafanyabiashara wenye ulemavu, zimejazwa bidhaa mpaka mwenyewe anaonekana kichwa tu, vijana wawili wakisukuma kwa nyuma. Anapiga kengele moja, watu wanampisha. Shofere wa lori kubwa, mwenye magurudumu kumi na nane, hufungua jicho moja, humtazama anayempita na magurudumu matatu, hulifumba tena.

Ziwa nalo si la kuachwa nje ya hesabu, kwa kuwa limeshajitia barabarani. Mwaka 2021, na tena 2024, maji ya Tanganyika yalipanda yakaingia katika mitaa ya ufukoni ya Uvira, na upande wa Burundi yakaifunika Gatumba. Mitumbwi ilipita palipokuwa na malango ya nyumba. Magari yaliingia majini kwa kubahatisha, bila kujua lami iko wapi, yakifuata kichwa cha mtu aliyetangulia akipapasa kwa miguu. Alipozama kiunoni, msafara mzima ulirudi nyuma. Na usiku viboko hutoka ziwani kula majani. Kiboko hapigiwi honi. Hilo hakuna shofere anayehitaji kuambiwa.

Ukitaka kuona foleni isiyo na mtu mwenye hasira, subiri matokeo ya mtihani wa taifa, ule ambao Kongo nzima huuita Exetat. Waliofaulu hujaa barabarani, wamemwagiwa poda nyeupe kuanzia nywele mpaka viatu, pikipiki zikizunguka, mama zao wakipiga vigelegele. Shofere anayefungua dirisha ili alalamike huipata poda usoni, na kwa kuwa kila mtu mwenye poda ni mshindi, hupongezwa. Wapo walioendelea mpaka Kiliba wakiwa wamefaulu.

Lakini msafara mzito kuliko yote, unaoyazidi hata malori ya mihogo, ni wa arusi ya Jumamosi. Gari la kwanza limeacha buti wazi, na ndani ya buti amekaa mpiga picha, miguu nje, kamera imeelekea nyuma kwa maharusi. Kwa hiyo mji mzima hutembea kwa mwendo unaomfaa mpiga picha, na mpiga picha anataka kila tabasamu litulie. Magari yote yamewasha taa za dharura. Honi zina mdundo. Pikipiki hupita ubavuni zikisimama kwa gurudumu moja, mwendeshaji akiangalia kama bibi arusi ameona.

Noah moja ya kwenda Kamanyola, abiria wake wamejaa, mabeseni ya ndagala nyuma, ilitoka mtaani ikaona pengo kati ya gari la pili na la tatu. Shofere akaingia. Alidhani ni pengo. Ilikuwa heshima, nafasi waliyoachiwa wazee wa ukoo ambao gari lao lilikuwa bado linawashwa kwa kusukumwa. Sasa mbele yake kuna maua, nyuma yake kuna maua, kushoto pikipiki, kulia watoto wanaopiga makofi. Akapiga honi ya hasira. Ikaingia katika mdundo vizuri, na aliyekuwa nyuma akaijibu.

"Shofere, mbele kuko nini?" kiti cha nyuma kikauliza.

"Kuko bibi arusi."

Habari ikapita kiti hadi kiti, na kwa mara ya kwanza ikafika nyuma bila kuharibika. Mama wa ndagala akafungua dirisha, akatoa mkono, akaanza kuwapungia watu wa pembeni, kwanza kwa mzaha. Msafara ukakata kona, ukaingia lango, ukasimama mbele ya ukumbi. Mlinzi akafunga lango nyuma ya gari la mwisho. Kijana mwenye ua kifuani akaja mbio na daftari, akafungua mlango wa Noah kwa adabu, akakutana na harufu ya ndagala, akameza mate, akauliza kama alivyoagizwa.

"Karibuni, wazazi. Ninyi ni wa upande wa bwana ao wa bibi?"

Shofere akamtazama, akatazama lango, akatazama kreti za soda zilizopangwa ukutani, ambazo mama wa ndagala alikuwa amekwisha ziona kabla yake.

"Siye ni wa upande wa Kamanyola," akasema, na akazima gari.